Kitenzi Nilichomfutia Zumbe Kishoka

Manundu, Korogwe. Jumamosi, 5 Aprili

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Mara ya mwisho nilipofungua kurasa hizi Shamimu, mke wangu, alikuwa anauguza goti. Goti hilo limekwisha kupona, linakwenda sokoni kuuza vitumbua na kurudi kila siku, nami sijaandika neno. Sina udhuru. Nimekaa muda wote huu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nikila, nikilala, na kusahihisha matangazo yanayobandikwa mlangoni mwa msikiti.

Sasa nina kazi. Jana baada ya sala ya Ijumaa Hussein alinipigia simu kutoka Kwaluguru. Hussein ni mtoto wa baba yangu mdogo, na ndiye anayesimamia mambo ya ukoo kule. Wazee wamekubaliana niandike maisha ya Zumbe Kishoka, mwanzilishi wetu, aliyetoka huku mtoni wakati wa njaa kubwa, kabla Wajerumani hawajafika, akakata msitu wa Kwaluguru na kufungua mashamba tunayolima mpaka leo. Zumbe, kwa Kizigua, ni mtawala. Maandishi hayo yatasomwa katika kikao cha ukoo baada ya mavuno, tarehe 19 Julai.

"Kwa nini mwaka huu?" nilimwuliza.

"Kwa sababu ya shamba la chemchemi, kaka. Lazima watu wasikie ardhi ilivyoshuka."

Shamba la chemchemi analilima Chausiku, binti wa marehemu dada yangu Munira. Aliachika Muheza akarudi na watoto wake, na mama yake akampa shamba hilo kabla ya kufariki. Hussein analitaka kwa ajili ya wanawe. Hoja yake ni kwamba tangu kwa Kishoka ardhi imetoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamume, na mtoto wa binti ni wa ukoo wa baba yake. Historia ikishasomwa, kikao kitamtaka Chausiku akabidhi shamba.

Nilikubali. Mpwa wangu ninampenda, lakini utaratibu ni utaratibu, na kupenda si hoja.

Shamimu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo unakwenda kumwandikia mtoto wa dada yako barua ya kumfukuza."

"Ni historia, si barua."

"Haya, Baba Ikram. Basi tumia ule mwandiko wako mzuri."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimenunua karatasi na kalamu nyekundu dukani kwa Jatin.

Kwaluguru. Jumamosi, 12 Aprili

Nimefika kwa gari la Handeni, kisha kwa bodaboda katika tope. Kijana wa bodaboda aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nilimjibu, kwa watu wa ukoo wa Kishoka.

"Vishoka? Wale wanaounganisha umeme wa wizi?"

Nilimweleza kwamba kishoka ni shoka dogo, na kwamba maana nyingine ni ya mitaani. Alinisikiliza kwa adabu, na aliponishusha akasema, "Haya mzee, wasalimie mafundi umeme."

Nimeanza kwa Shangazi Mwanaisha, dada mdogo wa marehemu baba. Amepita miaka tisini na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamwomba anieleze anayoyajua juu ya Zumbe Kishoka. Aliyasikia kwa bibi yake, ambaye alimwona Kishoka kwa macho. Alianza bila kusita.

"Zumbe Kishoka aliolewa mtoni, kwa akina Abdi, hawa watani wetu. Hakukaa. Njaa ilipoingia akatoka na kishoka chake, na watu wakamfuata nyuma."

"Alioa, shangazi," nilimsahihisha.

"Eh?"

"Mwanamume huoa. Anayeolewa ni mwanamke. Ukisema aliolewa, Kiswahili hakiruhusu."

Alinitazama, kisha akatazama karatasi yangu. Neno nilikuwa nimekwisha kuliandika kama alivyolitamka. Nililipiga mstari mwekundu, nikaandika juu yake *alioa*.

"Haya," alisema. "Wewe ndiwe uliyesoma."

Wazee waliokua na Kizigua nyumbani mara nyingi huchanganya kutenda na kutendwa. Au labda alikuwa anatania, kwa maana mwanamume anayekwenda kuishi kwa wakwe zake watu husema ameolewa. Mengine yote aliyasema vizuri: jinsi walivyolala msituni wakila mizizi, jinsi Kishoka alivyoiona chemchemi kwa kufuata ndege, na jinsi alivyogawa mbegu ya kwanza kiganja kwa kiganja, akianza na wenye watoto.

Chausiku alituletea bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mlenda. Anajua nimekuja kwa ajili gani. Alipokuwa ananinawisha mikono nilimwambia kwamba kama ameona anaonewa, anaweza kwenda baraza la kata.

"Siendi, mjomba. Barazani watanipa karatasi. Mimi sitaki karatasi. Nataka ukoo wangu wenyewe useme mimi ni wao."

"Na ukoo ukisema wewe si wao?"

"Basi nitajua." Akanimiminia maji mengine, ingawa mikono yangu ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemaliza kurasa za mwanzo. Jambo moja linanisumbua. Kiambishi ki- hupunguza: kijiti, kijitu, kishoka. Mtu aliyeangusha msitu mzima, kwa nini aitwe kwa shoka dogo? Nimeandika kwamba ni unyenyekevu. Sentensi ni sahihi. Siiamini.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Mto Pangani umepanda, na bustani za kandokando zimezama.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Hussein alipiga simu kuuliza nimefika wapi. Nilimsomea aya ya mbegu. Alifurahi. Nami nilifurahi kwamba alifurahi, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimekwenda sehemu ya zamani ya mji, ambayo serikali inaiita kata ya Old Korogwe. Jina hilo ninaliandika kwa sababu ndilo rasmi, si kwa sababu ninalikubali. Nilimtafuta Mzee Abdi. Tunalingana umri, na watu wake ni wa huku mtoni tangu zamani. Ni watani wetu. Hawezi kusema sentensi tatu bila kutukana moja, na kwa desturi yetu mtu hana ruhusa ya kukasirika.

Alikuwa kibarazani anashona wavu wa kuku.

"Karibu, shemeji!"

"Mimi si shemeji yako. Mke wangu anatoka Mombo."

"Sisemi mke wako. Nyinyi wote wa Kwaluguru ni shemeji zetu. Tuliwaoa, mkatukimbia."

"Abdi, nimekuja kwa kazi."

"Na mimi nakwambia kazi. Andika hapo: tuliwaoa, wakatukimbia, na shoka letu wakaondoka nalo."

Nilimweleza kwamba ninachotaka ni habari za Zumbe Kishoka, alipokaa na alivyoondoka. Akaacha kushona. Alinipeleka mpaka nyuma ya nyumba za mwisho, panapoonekana maji, akanionyesha mahali palipokuwa na mji wa watu wake. Sasa pana migomba na choo cha mtu.

"Alikaa hapa. Alikuwa anapasua kuni kwenye ukingo ule. Njaa ilipoingia, wakubwa wetu walificha chakula. Kishoka akasema, ninyi mnakula na mlango mmeufunga, siwezi. Akatoka hapa asubuhi na watoto wa watu wengine nyuma yake. Hilo, mtani, sikutanii. Bibi zetu walilisimulia kwa aibu."

"Na mke wake alikuwa nani?"

Abdi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wake! Mwalimu, rudi nyumbani ukapumzike. Jua limekupata."

Nimerudi nimekasirika, ingawa sina ruhusa. Nimeandika habari ya chakula kilichofichwa. Ya wake na mashemeji nimeyaacha, kwa kuwa ni utani.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Shamimu anasema ninasema peke yangu.

Kwaluguru. Jumamosi, 24 Mei

Mzee Zaidi, mkubwa wa ukoo kwa umri, amefariki dunia jana. Tumemzika leo baada ya adhuhuri. Inna lillahi. Alikuwa mtu mpole, na alinishonea kanzu yangu ya kwanza.

Nitaandika lililotokea baada ya mazishi, na nitaliandika kwa utaratibu wake, kwa sababu bado silishiki vizuri mkononi.

Tuliporudi makaburini watani walikuwa wamekwisha kufika kutoka mtoni, Abdi akiwa mbele. Wanawake wetu walikuwa wanapika nyuma ya nyumba. Kama ilivyo desturi, watani hawakuingia msibani kwa kulia. Waliingia kwa fujo. Mwanamke mmoja wa kwao, mnene, aliyejifunga khanga mbili, alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la kuni, akaliokota lile shoka dogo la kupasulia, akalikalia.

"Hapikiki kitu hapa! Tunamtaka mke wetu!"

"Leteni mke wetu!" wengine wakaitikia. "Amekula, ameshiba, amenenepa Kwaluguru, sasa arudi!"

Waliofiwa walicheka huku machozi hayajakauka. Hiyo ndiyo kazi ya watani. Mke wa Hussein alileta kuku, akawapa, nao wakamkataa wakisema ni mwembamba, wakaongezewa wa pili, wakaliachia shoka, na moto ukawashwa.

Haya nimeyaona tangu utoto. Niliyaona babu yangu alipofariki, na baba, na dada yangu Munira. Kila mara ni shoka lile lile dogo, na maneno ni yale yale. Wengine wakizikwa, watani wao huiba sufuria au hujilaza kaburini. Wetu hukalia kishoka na kumdai mke.

Nilikuwa nimesimama karibu na rundo la kuni. Nilijisikia ninauliza kwa sauti ya darasani:

"Mke gani?"

Kicheko kilikatika. Yule mwanamke mnene alinitazama kana kwamba nimevua kanzu.

"Anauliza mke gani!"

"Mwalimu," Abdi alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alinionea huruma, "umezika watu wangapi hapa? Leo ndiyo unauliza?"

"Ninauliza leo. Mke gani?"

Alilichukua shoka akaniwekea mkononi. Lilikuwa jepesi, mpini wake mfupi, la kupasulia kuni jikoni. Mwanamume hakati nalo mti. Mwanamke hapiki bila hilo.

"Mwenye hiki," alisema.

Nilirudisha shoka kwenye kuni, nikaenda kukaa na wanaume, na sikumbuki nilikula nini.

Kwaluguru. Jumapili, 25 Mei

Asubuhi nilikwenda kwa Shangazi Mwanaisha. Nilimwamkia, nikakaa palepale nilipokaa Aprili.

"Shangazi, Zumbe Kishoka alioa au aliolewa?"

"Nilikwambia. Ukafuta."

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Ulisema Kiswahili hakiruhusu. Nikadhani siku hizi kimebadilika."

Hakuwa ananikejeli. Nilitamani angekuwa ananikejeli.

"Kwani mlimdhania nani?" aliuliza.

"Babu."

"Babu!" Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Mwanamume gani ataitwa kwa kishoka cha kuni? Aliolewa mtoni, akawaacha na chakula chao, akaja huku. Alizaa huku na mtu wa Kilindi ambaye hata jina hatukulishika. Babu zenu wote wametoka tumboni mwake."

"Na uzumbe?"

"Aliwalisha watu wakati wa njaa. Mlitaka aitwe nani, mpishi?"

Nilimwuliza nani alilificha jambo hili. Akasema hakuna aliyelificha. Wanawake walikuwa wanajua, na walidhani wanaume nao wanajua.

Nimelitafakari hilo njia nzima ya kurudi Korogwe. Lugha yetu ina kiambishi kimoja kwa mume na mke: a-. *Alikuja, alikata, aligawa.* Nilikuwa ninawasifia wanafunzi jambo hilo, kwamba sisi hatuna haja ya kumpekua mtu kabla ya kutaja alichokifanya. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuingia katika kiambishi hicho mwanamke na kutoka upande wa pili mwanamume, bila yeyote kusema uongo. Vitenzi vichache tu humtambulisha. Kimoja kilinijia mwezi wa Aprili, na nikakikata kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo ukoo unaotaka kumtoa Chausiku kwa kuwa ni mtoto wa binti, wote ni watoto wa binti.

Jumatano, 28 Mei

Jua. Sijaandika kitu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Hussein alikuja kula nasi. Shamimu alipika pilau, na baada ya kula nilimwambia Hussein yote, tangu kwa shangazi mpaka kwenye shoka. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa. Nilitegemea atakasirika. Badala yake alikiweka kikombe chini.

"Nani mwingine unamjua aliyelisikia hili?"

"Wanawake wote, inaonekana."

"Wanaume?"

"Wewe na mimi."

Akasogea karibu. "Kaka, sikuombi uandike uongo. Nakujua, huwezi. Andika: Zumbe Kishoka alitoka mtoni, akaja, akakata msitu, akafungua mashamba. Kosa liko wapi hapo?"

Nililitafuta kosa. "Halipo."

"Basi andika hivyo. Kila neno ni kweli."

"Na watu wataelewa alikuwa mwanamume."

"Hayo ni ya kwao watakaoelewa hivyo. Wewe hujasema."

Shamimu alikuwa anakusanya sahani. Alizipanga polepole kuliko ilivyohitajika.

Hussein si mtu mbaya, na lazima niliandike hilo. Alipoaga alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Wanangu wawili wanauza maji ya chupa barabarani huko Dar, kaka. Kila nikipiga simu nasikia honi za magari. Nataka kuwaambia rudini, kuna pa kulima penye maji. Nitawaambia nini?"

Nilimsindikiza mpaka njia kuu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaribu kuandika kama alivyosema. Ukurasa mzima kwa a-. *Alitoka, alikuja, alikata, aligawa, alifariki.* Nimeusoma mara mbili kutafuta kosa, na hakuna kosa. Ningeletewa na mwanafunzi ningempa alama zote.

Shamimu aliuchukua akausoma akiwa amesimama.

"Mzuri," alisema. "Umemfunga ushungi mpaka machoni."

Nimeuchana.

Jumamosi, 21 Juni

Upepo wa kipupwe. Nimeandika upya tangu mwanzo. Pale palipokuwa na mstari mwekundu nimerudisha neno la shangazi kama alivyolitamka.

Kwaluguru. Jumamosi, 28 Juni

Mahindi yamekauka vizuri. Nimemkuta Chausiku shambani anavunja, mabua yamelala nyuma yake kwa safu. Nilikaa juu ya gunia nikamweleza. Sikutaka alisikie kikaoni kwa mara ya kwanza, mbele za watu.

Alisimama na hindi mkononi.

"Kwa hiyo zumbe aliolewa, akaondoka kwa mumewe, akaja kuanza hapa?"

"Ndiyo."

"Na kishoka chake?"

"Na kishoka chake."

Akatikisa kichwa. "Mjomba, mimi Muheza sikuachiwa hata kishoka."

Alicheka mwenyewe kwanza, ndipo nami nikacheka. Kisha akageuka, akavunja mahindi kwa haraka kwa muda, mgongo wake ukinielekea, nami nikatazama chemchemi mpaka alipokuwa tayari kusema tena.

Nilimwambia kwamba kusoma nitasoma, lakini kikao kitaamua nini, siwezi kumwahidi. Tena nilimwambia habari za wana wa Hussein na honi za magari. Nilihisi ana haki ya kujua anashindana na nini.

"Wale ni ndugu zangu," alisema. "Nilimbeba yule mkubwa mgongoni. Shamba hili silimalizi peke yangu, upande ule wa juu umelala mwaka wa pili. Waje walime, maji si yanatosha?"

"Nimwambie Hussein hivyo? Nikuombee?"

"Usiniombee. Na wasije kuniondoa kwanza ndipo wanigawie kipande kama sadaka. Waje kuniomba. Mimi sitaki kuombewa, mjomba, nataka kuombwa."

Kuomba, kuombewa, kuombwa. Nimefundisha mnyambuliko huo maisha yangu yote, na sikuwahi kupata mfano bora kuliko huo.

Jumapili, 13 Julai

Nimenakili kwa mwandiko mzuri. Shamimu ameyasoma maandishi yote akiwa amekaa.

Kwaluguru. Jumamosi, 19 Julai

Kikao kimefanyika uani kwa marehemu Mzee Zaidi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi. Wanawake walikuwa nyuma, jikoni. Nilisoma nimesimama, kama nilivyozoea.

Nilipofika kwenye neno lile sikupunguza sauti wala sikuipandisha. "Zumbe Kishoka aliolewa mtoni, kwa akina Abdi." Mzee mmoja akasema, "Alioa, Mwalimu, umekosea," na nikamjibu, "Sijakosea," nikaendelea. Nilisoma habari ya chakula kilichofichwa, ya watoto wa watu wengine, ya mbegu iliyogawiwa kiganja kwa kiganja. Nilisoma kwa nini watani wetu hukalia kishoka.

Nilipomaliza, kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe kishoka wetu ni wa kike!" na vijana wakacheka. Wazee wawili walikasirika. Mmoja alisema nimeuvua ukoo nguo mbele ya watoto. Mwingine aliuliza nimelipwa nini na mpwa wangu. Nilimwambia amelipa bada na mlenda, na kwamba mlenda ulikuwa mzuri.

Kisha Hussein akasimama. Watu wakamgeukia, kwa sababu kila mtu alijua shamba analitaka nani.

"Kaka, una hakika?"

"Nina hakika."

"Unaweza kuapa?"

"Ninaweza. Lakini huna haja ya kiapo changu. Muulize mama yako."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hussein hakumwuliza. Alimtazama tu, naye akainamisha kichwa mara moja. Hussein akarudi kwenye benchi.

"Basi sote hapa ni watoto wa binti," alisema, si kwa kikao, kwa magoti yake.

Nilidhani yataishia hapo, au yatageuka ugomvi. Lakini Shangazi Mwanaisha, aliyekuwa ameegemezwa kwenye mto karibu na mlango, aliinua fimbo yake.

"Mnaamua mambo ya shamba la bibi yenu," alisema, "na wajukuu zake nusu wako jikoni wanawapikia. Kikao gani hiki?"

Wazee waliinamiana wakanong'onezana. Mwishowe imekubaliwa kwamba leo hakuna uamuzi. Kikao kitakaa tena Jumamosi ijayo, wanawake wa ukoo wakiwa kwenye mabenchi, pamoja na watoto wa mabinti walioolewa Sindeni, Segera na kwingineko. Hao hawajawahi kuitwa. Chausiku ataitwa kwa jina lake. Wazee wawili waliokasirika wamesema watakuja kupinga. Nimewaambia waje na hoja, na waje mapema.

Chakula kilipoletwa Chausiku ndiye aliyeninawisha.

"Jumamosi ijayo nani atapika, mjomba?"

"Sijui," nilisema. "Labda wazee wawili."

Manundu. Jumapili, 20 Julai

Sijui kikao kitakavyoamua. Nimehesabu vichwa nikaacha, kwa maana nusu ya vichwa hivyo sijawahi kuviona kikaoni.

Asubuhi Hussein alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala, lakini haikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Kaka, Chausiku hupatikana nyumbani saa ngapi?"

"Una shida gani naye?"

Nilisikia jogoo upande wake wa simu.

"Nataka kwenda kumwomba," alisema.

Nilimwambia hurudi kutoka shambani saa sita. Simu ilipokatika nilikaa nayo mkononi mpaka Shamimu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilimwambia hapana, nimesikia kitenzi.

Hussein peke yake si ukoo, na Jumamosi bado ipo mbele. Ukoo ukishatoa uamuzi wake nitauandika hapa siku ile ile, vyovyote utakavyokuwa, kwa maneno yao wenyewe. Kalamu nyekundu nimempa Shamimu, aandikie bei za vitumbua.